Kupiga Picha za Wanyamapori kwa Gari: Kutoka Kariakoo hadi Mikumi

Kutoka katikati ya jiji la Dar es Salaam hadi Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ni mwendo wa kilometa zipatazo 283. Msafiri aondokaye Kariakoo alfajiri kwa gari lake mwenyewe hupita Kibaha, Chalinze na Morogoro, na kabla ya jua kufika utosini huwa ameingia katika nyika ambamo tembo, twiga, nyati na pundamilia huonekana hata kutoka barabara kuu. Katika safari kama hiyo karibu kila mtu huchukua kamera, au angalau simu yenye kamera, na hurudi na picha nyingi. Lakini picha hizo zikitazamwa baada ya mwaka mmoja, nyingi huwa hazisemi kitu. Kuna doa la kahawia katikati ya majani. Halina tarehe, halina mahali, wala haijulikani kama ni swala pala au ni kuro.

Hiyo ni hasara, na si ya mpiga picha peke yake. Picha ya mnyama wa porini ni aina ya kipimo, kama vile namba inayosomwa kwenye kipimajoto. Ikipigwa vizuri na kuandikiwa maelezo, humwezesha mtafiti kujua mnyama huyo ni wa aina gani, alikuwa wapi, alikuwa na nani, na pengine hata kumtambua mmoja mmoja miaka mingi baadaye. Ikipigwa vibaya, kipimo hicho hupotea. Na ikipigwa bila adabu, humdhuru mnyama yule yule anayesifiwa. Makala haya yanaeleza sayansi iliyomo katika kazi hiyo, na jinsi mwanafunzi wa Dar es Salaam anavyoweza kuianza katika mitaa yake kabla hajafika porini.

Kutoka bunduki hadi kamera

Katika miaka ya 1903 na 1904 Mjerumani Carl Georg Schillings alisafiri katika nyika za kaskazini mwa nchi iliyoitwa wakati huo Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo makao yake makuu yalikuwa Dar es Salaam. Schillings alikuwa mwindaji, naye aliua wanyama wengi. Hata hivyo, alichukua pia kamera nzito zilizotumia vioo badala ya filamu, na mizigo hiyo ilibebwa na wapagazi wa Kiafrika ambao bila wao kazi yake isingefanyika. Usiku alitega uzi karibu na maji au karibu na chambo. Mnyama alipougusa uzi, unga wa magnesi uliwaka ghafla na kamera ikanasa picha. Picha hizo alizichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1905, na wasomaji wa Ulaya wakaona kwa mara ya kwanza jinsi simba na fisi walivyo usiku wakiwa huru.

Mtego ule wa uzi ndio mzazi wa kamera za kutega za siku hizi, ambazo hujifyatua zenyewe mnyama mwenye joto anapopita mbele yake. Kati ya mwaka 2010 na 2013 watafiti waliweka kamera 225 za namna hiyo katika eneo la kilometa za mraba 1,125 huko Serengeti, wakapata mafungu ya picha yapatayo milioni 1.2. Kazi ya kutaja ni mnyama gani aliyemo katika kila fungu ilifanywa na watu wa kujitolea zaidi ya 28,000 duniani, wengi wao wakiwa si wanasayansi.

Tanzania pia imetoa mfano wa ajabu wa uzito wa picha katika sayansi. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika misitu ya Mlima Rungwe walimwona nyani mdogo wa juu ya miti ambaye wenyeji walimwita kipunji. Mwaka uliofuata kundi jingine la watafiti lilimwona mnyama huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa. Kwa desturi ya elimu ya viumbe, aina mpya hutangazwa baada ya kumhifadhi mmoja wao katika jumba la makumbusho. Lakini kipunji walikuwa wachache mno, na watafiti hawakutaka kumwua hata mmoja. Kwa hiyo, mwaka 2005 walimtangaza ulimwenguni kwa kutumia picha kama kielelezo cha aina hiyo. Baadaye alipatikana kijana wa kipunji aliyekufa katika mtego wa mkulima, na uchunguzi wa mwili wake ukaonyesha kwamba alistahili kuwekwa katika jenasi yake mwenyewe, iliyopewa jina la Rungwecebus mwaka 2006.

Katika misitu hiyo hiyo ya Udzungwa, kamera ya kutega ilimnasa mwaka 2005 mnyama mdogo mwenye pua ndefu, sengi wa uso wa kijivu, ambaye hakuwa akijulikana katika vitabu. Alielezwa rasmi mwaka 2008. Basi mtu asidhani kwamba picha ni pambo la safari tu.

Jinsi kamera inavyomwona mnyama

Mpiga picha anayeanza hulalamika kwamba mnyama aliyeonekana mkubwa kwa macho amekuwa mdogo katika picha. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Kimo cha taswira ndani ya kamera hupatikana kwa kuzidisha kimo cha mnyama kwa urefu wa fokasi wa lenzi, kisha kugawanya kwa umbali uliopo kati ya kamera na mnyama.

Chukua mfano wa twiga mwenye kimo cha mita 5 aliyesimama mita 50 kutoka kwenye gari. Kwa lenzi ya kawaida yenye urefu wa fokasi wa milimita 50, taswira yake itakuwa na kimo cha milimita 5 tu. Kipande cha filamu ya kawaida kina upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kwa hiyo twiga atachukua karibu sehemu moja ya tano ya kimo cha picha. Kwa lenzi ya milimita 300 taswira itakuwa ya milimita 30, na kamera ikisimamishwa wima twiga ataijaza picha vizuri. Hesabu hiyo ni ile ile katika kamera za dijitali, ambamo sensa, yaani kibamba chenye vihisi vya nuru, imechukua mahali pa filamu.

Kamera ya simu ina lenzi fupi sana, na ndiyo maana huonyesha eneo pana la nyika na wanyama wadogo. Mtu anapoivuta picha kwa vidole juu ya kioo, mara nyingi simu huwa haimkaribii mnyama hata kidogo. Huikata tu sehemu ya katikati na kuipanua. Madoadoa huonekana makubwa, lakini hakuna habari mpya iliyoongezwa. Mwenye simu atafanya vyema kupiga picha za kundi pamoja na mazingira yake, ambazo nazo zina thamani, kuliko kutafuta jicho la simba aliye mbali.

Jambo la pili ni muda ambao shata inakaa wazi. Swala akimbiaye mita 15 kwa sekunde huwa amesogea sentimita 25 katika muda wa 1/60 ya sekunde. Picha yake itakuwa ukungu mtupu. Katika 1/1000 ya sekunde husogea sentimita 1.5 tu, na miguu yake itaonekana. Aidha, mkono wa binadamu hutetemeka daima, na lenzi ndefu huukuza mtetemeko huo kama inavyoikuza taswira. Kanuni ya mafundi ni kwamba muda wa shata usizidi moja juu ya urefu wa fokasi. Mwenye lenzi ya milimita 300 atumie 1/300 ya sekunde au muda mfupi zaidi.

Kariakoo, shule ya kwanza

Haifai mtu akajifunze mambo hayo kwa mara ya kwanza mbele ya tembo. Dar es Salaam ina wanyama wake wa mwituni wasiohitaji safari, na wengi wao hupatikana pale penye watu wengi zaidi.

Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, kilichopiga kambi hapo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Leo ni mtaa wa biashara. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu majengo Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo liliungua Julai 2021, limejulikana kwa mapaa yake ya zege mfano wa miavuli. Panapouzwa vyakula hubaki mabaki, na penye mabaki huja ndege. Anayeinua macho kati ya Mtaa wa Swahili na Mtaa wa Mkunguni atamwona kunguru wa India mwenye shingo ya kijivu. Juu zaidi atamwona mwewe akizunguka, akiyumbisha mkia wake wenye panda kama usukani wa mtumbwi.

Kunguru huyo ana historia yake. Aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, kisha akaenea pwani nzima ya Afrika Mashariki. Hula mayai na makinda ya ndege wenyeji, na huchangia kuwapunguza mijini. Jitihada za kumpunguza kwa mitego na sumu zimefanyika Dar es Salaam katika vipindi tofauti, lakini kila zilipolegea kunguru waliongezeka tena. Kwa hiyo, kumpiga picha na kumhesabu si mchezo wa watoto. Ni kukusanya habari kuhusu tatizo lililopo juu ya paa la kila nyumba.

Kwa mpiga picha, kunguru ni mwalimu mkali. Urefu wake ni kama sentimita 40. Akiwa mita 20, lenzi ya milimita 50 humfanya kuwa wa milimita moja tu. Mwanafunzi hujifunza hapo kukaribia polepole, kusubiri, na kusoma mwenendo wa ndege kabla hajaruka. Pia kunguru ni mweusi, na anga nyuma yake ni jeupe. Kipima nuru cha kamera hukadiria kwamba kila kinachokiona kina weupe wa kadiri. Kikiona anga kali hupunguza nuru, na kunguru hutokea kama kivuli kilichokatwa kwa mkasi. Dawa yake ni kuongeza nuru kwa makusudi, au kungoja ndege atue mbele ya ukuta. Tembo aliye mbele ya anga la saa sita ataleta tatizo lile lile, na aliyejifunza Kariakoo atajua la kufanya.

Mitaa hii ina watu kabla ya kuwa na ndege. Mchuuzi, mnunuzi na mchukuzi wa mizigo wana haki ya kuombwa ruhusa kabla ya kuingizwa katika picha. Vilevile, mwanafunzi asielekeze kamera kwenye Ikulu, kambi za jeshi, bandari na sehemu nyingine za ulinzi.

Mfuko wa maharage na vifuko vya silika

Kariakoo ni mahali pazuri pia pa kujiandaa, kwa gharama ndogo. Ndani ya gari hakuna nafasi ya kusimamisha kigoda cha miguu mitatu. Kinachotumika ni mfuko. Mguu wa suruali ya jinzi kuukuu hukatwa, fundi cherehani huushona upande mmoja, hutiwa kilo mbili za maharage au mchele, kisha hushonwa upande wa pili. Mfuko huo huwekwa juu ya kioo cha dirisha kilichoshushwa nusu, na lenzi hulazwa juu yake. Punje husogea na kulifuata umbo la lenzi, kisha hubanana na kuituliza. Safari ikiisha, maharage hupikwa.

Adui wa pili ni unyevu wa pwani. Lenzi iliyofungiwa kabatini Dar es Salaam kwa miezi mingi huota kuvu, ambayo huenea juu ya kioo kama nyuzi za buibui na kukiharibu kabisa. Wauzaji wa viatu hutupa kila siku vifuko vidogo vya silika vilivyomo ndani ya maboksi. Vifuko hivyo hunyonya mvuke. Vichache vikiwekwa pamoja na kamera katika chombo kinachofungika vizuri, lenzi huwa salama. Aidha, kamera iliyokaa ndani ya gari lenye kiyoyozi hufunikwa na matone inapotolewa ghafla katika hewa yenye joto na unyevu, kama chupa ya maji baridi mezani. Iachwe ndani ya mfuko wake mpaka joto lake lilingane na la nje.

Saa ya nuru

Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini mwa ikweta, na Mikumi iko karibu katika mstari huo huo. Katika latitudo hizi jua huchomoza karibu wima na kupanda haraka. Ifikapo saa 4 asubuhi vivuli vimekuwa vifupi, macho ya wanyama yamefichwa na kivuli cha paji la uso, na ardhi imeanza kuwaka. Hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto na kupanda juu kwa mawimbi. Nuru ipitayo humo hupindwa huku na huku, na mnyama aliye mbali huonekana kama aliye ndani ya maji yanayochemka. Hakuna lenzi iwezayo kuliondoa jambo hilo. Lenzi ndefu huliongeza.

Hapa ndipo wasafiri wengi wa Dar es Salaam hukosea. Wanaoondoka mjini saa 11 alfajiri hufika Mikumi mchana, wakati ambapo nuru ni mbaya na wanyama wamejificha vivulini. Ni afadhali kufika jioni na kulala jirani na hifadhi. Milango hufunguliwa saa 12 asubuhi, na kuanzia hapo hadi saa 3, kisha tena kuanzia saa 10 hadi karibu na saa 12 jioni, nuru huja kwa ubavu, rangi za manyoya hutokeza, na wanyama wako kazini. Mbuga ya uwanda wa Mkata, ambako nyumbu, pundamilia na nyati hulisha, hufaa sana kwa saa hizo.

Barabara ipitayo kati ya wanyama

Barabara kuu iendayo Iringa na Zambia hupita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa umbali wa kilometa zipatazo 50. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na tangu hapo wingi na mwendo wa magari vimeongezeka mno. Malori na mabasi huwagonga wanyama, hasa usiku. Mtafiti Carlos Drews alichapisha mwaka 1995 uchunguzi wake kuhusu wanyama waliouawa na magari katika barabara hii, wakiwemo nyani. Matuta yamejengwa, alama zinamtaka dereva apunguze mwendo, na bango la faini humwonyesha gharama ya kila aina ya mnyama atakayemgonga.

Mpiga picha anayejiendesha mwenyewe anaingia katika habari hii tangu kilometa ya kwanza. Dereva asipige picha kamwe gari likiwa katika mwendo. Kamera iwe mikononi mwa abiria. Barabara kuu si mahali pa kusimama ovyo, kwani aliyesimama ghafla kwa ajili ya twiga huweza kugongwa na lori lililo nyuma yake. Lakini abiria aliyeona mzoga anaweza kuandika saa, alama ya kilometa iliyo karibu na aina ya mnyama, kisha akawapa habari hizo askari wa hifadhi langoni. Kumbukumbu za namna hiyo zikiwa nyingi huonyesha mahali hasa ambapo wanyama huvuka, na hapo ndipo tuta linapohitajika.

Ndani ya hifadhi gari hufuata njia zilizochongwa tu. Magurudumu yanayokata majani huacha makovu ambayo mvua huyageuza kuwa makorongo. Watu hawashuki isipokuwa mahali palipoonyeshwa, hawawapi wanyama chakula, hawapigi honi, na hutoka kabla ya saa 12 jioni.

Umbali wa heshima

Mwanazuolojia wa Uswisi Heini Hediger alieleza kwamba kila mnyama ana umbali wake ambao adui akiuvuka, mnyama hukimbia. Wanyama wa hifadhini wamelizoea gari, na kwao ni kitu kimoja chenye umbo lisilobadilika na lisilowinda. Kwa hiyo umbali wao wa kukimbia mbele ya gari huwa mfupi kuliko mbele ya mtu. Lakini mtu akitoa kiwiliwili dirishani au kufungua mlango, umbo hubadilika. Mnyama humwona binadamu, na hukimbia au hushambulia. Gari likizimwa injini na watu wakatulia huwa maficho bora kabisa, na picha nayo haitikiswi na mtetemeko wa injini.

Dalili zinasomeka. Swala anayeacha kula na kuinua kichwa tayari anafikiria kuondoka. Tembo anayetandaza masikio, kutikisa kichwa na kuinua mkonga anaomba nafasi, na anastahili kupewa mara moja. Mpiga picha mwema hurudi nyuma katika dalili ya kwanza, wala hangoji ya tatu.

Si suala la adabu tu, ni suala la uhai. Duma huwinda mchana, saa zile zile ambazo magari hutembea. Utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa mwaka 2018 kutoka Maasai Mara, nchini Kenya, ulionyesha kwamba mama duma walioishi penye watalii wengi walifaulu kulea hadi kujitegemea wastani wa watoto 0.2 kwa kila uzao, ilhali waliokaa penye watalii wachache walilea wastani wa 2.3. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara kumi. Hakuna gari moja lililokusudia kumwua mtoto wa duma; kila moja lilitaka kusogea kidogo tu.

Kufanya picha iwe kumbukumbu

Mwili wa mnyama una maandishi yake. Milia ya pundamilia, madoa ya duma na mabaka ya twiga hayalingani kati ya mmoja na mwingine, na mpangilio wake haubadiliki maishani. Simba hutambulika kwa mpangilio wa vidoa kwenye mashina ya sharubu zake; njia hiyo ilielezwa na Pennycuick na Rudnai mwaka 1970 kutokana na simba wa Nairobi. Iain Douglas-Hamilton aliwatambua tembo wa Manyara katika miaka ya 1960 kwa mikato na mishipa ya masikio yao. Katika eneo la Tarangire watafiti wamewafuatilia twiga kwa picha, huku kompyuta ikilinganisha mabaka. Kazi hiyo ina uzito, kwani twiga wa Kimaasai, ambaye ndiye mnyama wa taifa la Tanzania, aliingizwa mwaka 2019 katika orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, nayo iliwahi kuwaomba watalii na waongozaji wao watume picha za duma ili watambuliwe mmoja mmoja.

Picha hizo huwezesha kuhesabu wasioonekana. Chukulia kwamba darasa limepiga picha za twiga 40 tofauti katika safari ya kwanza. Katika safari ya pili limepiga twiga 30, na baada ya kulinganisha mabaka 12 kati yao wameonekana kuwa ni wale wale wa kwanza. Ikiwa 12 kati ya 30 walikuwa wamekwisha kuonekana, basi wale 40 wa kwanza ni kama sehemu hiyo hiyo ya twiga wote. Makadirio ni 40 mara 30, gawanya kwa 12, yaani twiga 100. Hesabu hii hufaa endapo muda kati ya safari mbili ni mfupi, na endapo kila twiga ana nafasi sawa ya kupigwa picha. Pia ubavu upigwao uwe mmoja daima, kwa kuwa mabaka ya kushoto hayafanani na ya kulia.

Kila picha iandikiwe mambo matano: tarehe, saa, mahali, idadi ya wanyama, na walichokuwa wakifanya. Jambo moja tu lisitangazwe kwa watu wote: mahali hasa alipo faru au tembo mwenye pembe kubwa, kwani habari hiyo humfikia jangili upesi kama inavyomfikia mwanafunzi. Ipelekwe kwa wahifadhi peke yao.

Kazi kwa klabu za sayansi

Shule isiyo na gari wala fedha za safari inaweza kuanza wiki hii. Wanafunzi wachague paa moja au mti mmoja katika mtaa wao. Kwa siku saba, saa 11 na nusu jioni, wapige picha ya kunguru wanaopita kwenda kulala, daima kutoka mahali pale pale na kwa lenzi ile ile. Wahesabu ndege katika kila picha, watu wawili kila mmoja kivyake, kisha walinganishe hesabu zao. Tofauti kati yao ndiyo itakayowafundisha maana ya kosa la kipimo. Waandike pia hali ya hewa na kama ilikuwa siku ya soko lililochangamka au la. Baada ya miezi sita warudie tena.

Siku watakapopata nafasi ya kwenda Mikumi watakuwa wanajua kusubiri, kupima nuru, kukaa mbali na kuandika. Kwa sayansi, picha moja ya kunguru wa Mtaa wa Swahili yenye tarehe, saa na idadi ina thamani kuliko picha mia za simba zisizojulikana zilikopigwa.